Kabla Hatujamlaumu Adam Ant

Ninyi mlioingia muhula huu, karibuni Texas. Joto mtalizoea, kuishi bila gari hamtakuzoea.

Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja aliandika kwa uchungu jinsi wanamuziki wa Ulaya na Marekani walivyochota muziki wetu wakatajirika, sisi tukabaki tunapiga makofi. Makala ile niliipenda, na mengi aliyoyasema ni kweli. Ila niliisoma nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu mwaka huu, hapahapa Plano, mimi mwenyewe nimefanya kitu cha aina ileile, tena kwa jina la chama chetu. Kwa hiyo naomba nichangie. Na naomba nieleweke, simtetei mtu.

Nitaanza na Adam Ant. Wengi wenu hamumjui, na mimi nilikuwa simjui. Nilimkuta Half Price Books, ile ya hapa Plano, kwenye masanduku ya santuri za zamani ninakokwenda kupoteza muda Jumamosi nikishachoka na maabara. Santuri inaitwa Kings of the Wild Frontier. Nilivutiwa na jina tu, maana linafanana na sifa wanazompa Davy Crockett, yule shujaa wao aliyefia Alamo kule San Antonio mwaka 1836. Nikajua hii itakuwa kantri ya Texas, na dola nne si kitu. Kufika nyumbani naiweka kwenye mashine ya mwenzangu ninayeishi naye, zikaanza ngoma. Sisemi dramu, nasema ngoma. Nikabaki nimesimama katikati ya sebule na kikombe cha chai mkononi.

Maana ngoma zile nazijua. Mimi ni Muha wa Kasulu. Nimekulia kijiji kisicho mbali na ilipokuwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, ile iliyofungwa mwaka 2012. Warundi wa kambini wakiwa na sherehe, na upepo ukikaa vizuri, tulikuwa tunazisikia ngoma zao mpaka kwetu, na sisi watoto tunapiga madebe tukiwaigiza. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, hatuhitaji mkalimani. Sasa ngoma hizi zimefikaje kwenye santuri ya kijana wa London ya mwaka 1980? Wiki ile utafiti wangu ulilala, nikawa nafuatilia habari za Adam Ant. (Msimwambie msimamizi wangu.)

Jina lake la nyumbani ni Stuart Goddard, amezaliwa London mwaka 1954. Alisoma mambo ya sanaa na michoro chuo cha Hornsey, akaingia kupiga besi katika bendi iliyoitwa Bazooka Joe. Novemba 1975 bendi hiyo ilipiga katika chuo cha sanaa cha Saint Martin's, na waliowatangulia jukwaani usiku ule ni vijana wasiojulikana walioitwa Sex Pistols, ndiyo mara yao ya kwanza kupiga mbele ya watu. Goddard alipowaona tu, bendi yake mwenyewe ikamtoka moyoni, akaiacha. Mwaka 1977 akaanzisha Adam and the Ants.

Panki yenyewe, kwa sisi tuliolelewa na Lucky Dube na Remmy Ongala, ni muziki wa gitaa wa haraka haraka, wa hasira, wa vijana ambao wengine hata gitaa lenyewe walikuwa hawajui kulipiga vizuri. Ulitamba Uingereza kama miaka miwili mitatu hivi ukaishiwa pumzi. Waliobaki wakawa wanajiuliza, haya, tumeshavunja nyumba, sasa tunajenga nini? Hao waliokuja baada ya panki ndio walioanza kutafuta vifaa vya ujenzi mbali. Wengine walichukua rege ya Jamaika, wengine fanki ya Wamarekani weusi, wengine mashine za sauti za Wajerumani. Na wengine wakaangalia Afrika.

Santuri ya kwanza ya Adam ilitoka mwaka 1979, ikasikilizwa na mashabiki wachache wa chinichini. Yeye alitaka makubwa zaidi. Akamwendea Malcolm McLaren, aliyekuwa meneja wa Sex Pistols, akamlipa pauni 1,000 amshauri. McLaren akampa kaseti yenye mchanganyiko wa muziki wa kila namna akamwambia akasikilize, na ndani yake ngoma za Burundi zimo. Halafu, Januari 1980, huyohuyo McLaren akawashawishi wapigaji wa Adam wamwache bosi wao, akawaundia bendi nyingine, Bow Wow Wow, mbele akamweka binti wa miaka 13 anaitwa Annabella Lwin. Yaani umlipe mtu pauni elfu moja akushauri, akuchukulie na bendi! Matapeli wote wa Kariakoo wangesimama kumpa mkono.

Adam akabaki na kaseti. Akampata mpiga gitaa Marco Pirroni, wakaweka wapiga dramu wawili badala ya mmoja, na wakaijenga santuri nzima juu ya mdundo ule. Kwa kawaida katika roki ile dramu ndogo yenye mlio mkali ndiyo inayokushika mkono, moja, mbili, moja, mbili. Wao waliziinua zile dramu nene za chini zikaja mbele kabisa, gitaa likarudi nyuma linalia kama filamu za kiboi, na yeye akajipaka mstari mweupe puani kama shujaa wa Apache, akavaa jaketi la askari wa karne zilizopita. Ukikaa ukaorodhesha, katika kile alichovaa na alichopiga hakuna hata kimoja cha mtaani kwao. Lakini kwa kweli ni muziki mzuri, siwezi kudanganya. Santuri ilikaa namba moja Uingereza jumla ya wiki 12, na ndiyo iliyouzwa kuliko zote kule mwaka 1981. Na wale waliomkimbia nao walitoka na mdundo uleule. Wimbo wao wa kwanza, Julai 1980, uliuzwa kwa kaseti, na maudhui yake yalikuwa kusifia vijana wanaojirekodia muziki nyumbani bila kununua. Ukiangalia ngoma zenyewe zilivyopatikana, angalau walikuwa wakweli.

Adam baadaye alipita kwenye ugonjwa mzito wa akili, mambo yake yakafika mpaka mahakamani mwaka 2002, na yeye mwenyewe ameyaandika hayo katika kitabu cha maisha yake. Miaka ya 2010 alirudi jukwaani, na mwaka 2017 alizunguka huku Marekani akiipiga santuri ile yote mwanzo mpaka mwisho. Ni mzee sasa, amepita miaka sabini. Na habari ya Burundi hakuwahi kuificha.

Sasa turudi kwenye kaseti. Ngoma zile zilirekodiwa Burundi mwaka 1967 na Mfaransa Michel Vuylsteke, zikatolewa na Ocora, lebo ya redio ya taifa ya Ufaransa. Angalieni mwaka huo. Ufalme wa Burundi ulipinduliwa Novemba 1966. Neno ingoma kwa Kirundi lina maana mbili, ni ngoma na ni ufalme, utawala wenyewe. Wapigaji walikuwa watu wa mfalme, kazi ya kurithishana baba na mtoto, na ngoma hazikupigwa ovyo, zilipigwa kwa mambo ya mfalme na kwa umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama. Kwa hiyo huyo bwana na mashine yake alifika wakati mwenye ngoma ameondolewa na ngoma zimebaki. Sijui kama kuna wakati mbaya zaidi wa mtu kuja kukurekodi.

Mwaka 1971 mwanamuziki mwingine wa Ufaransa, anajiita Mike Steiphenson, akaichukua rekodi ile, akaongezea kinanda na gitaa juu yake, akauita Burundi Black. Ukaingia chati ya Uingereza mpaka namba 31. Mwaka 1975 Joni Mitchell akaziweka ngoma zilezile katika wimbo wake The Jungle Line, na jaladani akawaandika wapigaji kwa jina la jumla la wapiga ngoma wa Burundi. Angalau. Mwaka 1981 Burundi Black ikafanyiwa ukarabati ikatolewa tena kwa sababu Adam alikuwa ameshaufanya mdundo kuwa fasheni. Hesabu mwenyewe ni watu wangapi wamekula hapo. Wale waliosimama juani wakapiga, majina yao mmoja mmoja, hakuna santuri hata moja kati ya hizo inayoyataja.

Mpaka hapo ninakubaliana na ndugu yetu wa toleo lililopita kwa asilimia mia. Yanafanana na mengine tunayoyajua. Solomon Linda wa Afrika Kusini alitunga Mbube mwaka 1939, akafa maskini mwaka 1962, na familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu, tena baada ya kwenda mahakamani kuidai Disney. Na hata sisi wenyewe tunaoneana, Malaika ilitamba dunia nzima kwa jina la Fadhili William huku Adam Salim akisema mpaka uzeeni kwamba wimbo ni wake.

Sasa niwaambie nilichofanya.

Fort Worth kuna Warundi wengi. Walianza kuja kwa wingi mwaka 2007, Marekani ilipokubali kupokea maelfu ya waliokimbia mauaji ya 1972 na ambao walikuwa bado wamekwama kambini Tanzania. Wengine walikaa uhamishoni miaka 35 kabla ya kupanda ndege. Kiswahili wanakisema kama mimi na wewe, watoto wao Kiingereza chao ni cha Texas kabisa, na kikundi kimojawapo kina ngoma, wanapiga kwenye harusi, ubatizo na misiba. Mimi ndiye niliyekwenda kuwaomba waje Usiku wa Afrika wa chama chetu, kwa sababu ya Kiha changu. Nilipiga magoti kwa mzee wao, shikamoo mzee, tukaongea habari za Kasulu mpaka usiku. Akakubali.

Walikuja watu tisa na magari mawili, maili kama hamsini kutoka kwao mpaka Plano, ngoma zimejaa mpaka kwenye viti. Watatu kati yao walikuwa wameomba ruhusa kazini, kazi za usiku za kubeba boksi kwenye maghala, na ruhusa ya aina hiyo haina malipo. Mliokuwepo mnakumbuka ukumbi ulivyosimama. DJ wetu tulimlipa dola 600. Mpishi tulimlipa. Ukumbi tulilipia. Wapiga ngoma tukawapa pilau na cheti cha shukrani chenye nembo ya chama. Hata mafuta ya gari hatukuwapa, na mimi nilikuwepo kwenye kikao kilichopitisha bajeti hiyo, nikanyoosha mkono.

Haikuishia hapo. Utafiti wangu ni wa sauti na mawimbi, kwa hiyo nilitega maikrofoni mbili nzuri nikawarekodi dakika arobaini. Nikakaa na kompyuta, nikakata kipande cha sekunde nane, nikakiunganisha kijirudie, nikakiweka chini ya tangazo la video la harambee yetu ya mwezi uliofuata. Kilikuwa kizuri, kila mtu alikisifia, mkakisambaza kwenye simu. Sikumwuliza mtu. Haikunijia hata akilini kwamba kuna wa kuulizwa, na hapo ndipo ninapomwelewa Steiphenson kuliko ninavyotaka.

Wiki tatu baadaye mzee alinipigia simu. Hakugomba. Alisema, "Mwanangu, mjukuu wangu kaona kitu chenu kwenye simu. Njoo unisikilizishe na mimi." Nikaenda. Nikamwekea spika, akasikiliza huku ameinamisha kichwa, kikajirudia mara tano, mara sita. Halafu akaniuliza, "Huyu wa katikati yuko wapi?"

Kwa wasiojua, nieleze. Ngoma za Burundi hupangwa nusu duara, na idadi yake huwa haigawanyiki kwa mbili. Zipo zinazoitwa amashakwe, hizo kazi yake ni kushikilia mdundo bila kubadilika. Zipo ibishikizo, zinazofuata. Na katikati ipo moja, inkiranya, ndiyo inayoongoza. Anayeipiga ndiye anayeamua sasa tunapanda, sasa tunashuka, sasa tunakata, na wote macho yao yako kwake. Wanapokezana, kila mmoja anaingia kati kwa zamu yake, anaruka, anatamba, anatoka.

Kile kipande changu kilikuwa amashakwe watupu. Na si bahati mbaya. Kwa fundi wa sauti, kipande kizuri cha kujirudia ni kile ambacho mwisho wake unaungana na mwanzo wake bila sikio kushtuka. Maana yake unapitia rekodi nzima ukikwepa kila mahali ambapo mtu fulani amebadilisha kitu. Nilitumia saa mbili kumwondoa mtu wa katikati, na nikajipongeza kwa usafi wa kazi.

Na mtu huyo alikuwa nani? Alikuwa mjukuu wake mwenyewe, binti wa miaka 19, huyohuyo aliyeiona video. Usiku ule Plano ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia katikati mbele ya umma. Mzee alimkatalia miaka miwili. Burundi kwenyewe amri ya rais ya mwaka 2017 ilipiga marufuku wanawake kupiga ngoma hizi, na ikaagiza kwamba hata wanaume wanaotaka kupiga nje ya shughuli za serikali waombe kibali na walipie. Ajabu ni kwamba ngoma yenyewe sehemu zake zina majina ya mwili wa mama. Zile mambo za kubania ngozi zinaitwa amabere, matiti, na kuna tumbo na kitovu. Mzee hakuwa anafuata amri ya serikali, serikali aliikimbia yeye, alikuwa anafuata alivyolelewa. Lakini hapa Texas vijana wa kiume wanaopatikana kwa mazoezi ni wachache, binti anajua, akakubali. Binti akaja mbele yetu akafanya kile ambacho asingeruhusiwa kukifanya Gitega. Mimi nikamkata.

Mzee akaniambia, "Alinipigia simu analia. Sikumwelewa. Sasa nimeelewa."

Tangu siku hiyo nikiisikiliza ile santuri ya Adam Ant naisikia tofauti. Wale wapiga dramu wawili walikuwa mafundi hodari, na walichojifunza kwenye kaseti ni kile kinachojifunzika kwenye kaseti, yaani wale wanaoshikilia. Mdundo unakwenda, unakwenda, hakuna anayeukata. Nafasi ya katikati iko wazi, na pale ndipo aliposimama Adam na mstari wake puani. Simwiti mwizi wa mdundo. Mdundo ni kama Kiswahili, mgeni akijifunza hakikupungukii, na nyimbo zetu tunazozipenda zimejaa rumba ya Kuba na gitaa la umeme la hawahawa Wamarekani. Mbaraka Mwinshehe gitaa hakulitoa Morogoro. Ninachosema ni kwamba watu waliokuwa na kiongozi, zamu na majina, ukiwasikia kwa kaseti tu wanageuka kuwa kelele nzuri ya nyuma, na mtu wa mbele anakuwa yeyote mwenye jukwaa.

Na wala si kwamba njia nyingine haikuwepo. Julai 1982 huko Shepton Mallet, Uingereza, ilifanyika tamasha la kwanza la WOMAD, na wapiga ngoma wa Burundi waliletwa wenyewe, miguu na mikono yao. Echo & the Bunnymen, vijana wa Liverpool ambao nao ni wa baada ya panki, wakapanda nao jukwaani wakapiga pamoja wimbo wao Zimbo, na rekodi ya siku ile ikatolewa mwaka 1983 nyuma ya wimbo wao The Cutter. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa. Haina usafi wa studio, kuna mahali gitaa linapotea kabisa, lakini unasikia watu wakisubiriana. Tamasha lenyewe lilipata hasara kubwa, mpaka Peter Gabriel akarudi kupiga na wenzake wa zamani wa Genesis mwezi Oktoba ili kulipa madeni. Yaani kumleta mtu ni ghali, kaseti ni rahisi. Hiyo ndiyo hesabu yote, na chama chetu nacho mwaka huu kimepiga hesabu hiyohiyo kikachagua kaseti.

Najua majibu yatakayokuja maana nimeshayasikia. Mweka hazina, ambaye ni rafiki yangu, anasema hatuna pesa. Tuna pesa, tulikuwa na 600 za DJ. Mwingine aliniambia utamaduni hauuzwi, hawa ni ndugu zetu, ndugu halipwi. Basi na DJ naye ni ndugu, tena wa kwetu Mwanza kabisa, mbona yeye tulimhesabia noti? Na hao wapiga ngoma wa zamani hawakupiga bure, walikuwa na nafasi yao na heshima yao kwa mfalme. Bure ni kitu cha sisi wenye vikao. Wa tatu akasema tumewapa nafasi ya kujulikana. Kujulikana na nani? Tangazo letu limeangaliwa na watu wengi kuliko ukumbi ule, na ndani yake hakuna jina la mtu.

Ninachopeleka mkutano mkuu ni hiki. Wapiga ngoma walipwe kiasi kilekile cha DJ, na mafuta ya gari juu, nusu ikitolewa kabla ya siku yenyewe kwa sababu ruhusa ya kazini inaombwa kabla. Asirekodi mtu, mimi nikiwa wa kwanza, bila kikundi kukubali na kusema rekodi itatumika wapi. Na kwenye programu yaandikwe majina yao wote kwa utaratibu watakaoingia katikati, kama wao watakavyoyaandika wao. Hapa siyaandiki, sijapewa ruhusa. Nilipomwomba mzee alisema tuanze na pesa za mafuta, majina yatafuata.

Za mafuta nimeshawapelekea, dola 80 za mfukoni kwangu, na hazihesabiki kwenye deni la chama. Tangazo nimelifuta kila mahali ninapoweza kulifuta, lakini najua lipo kwenye simu za nusu yenu na hilo siwezi kulirudisha. Dakika arobaini zote, zikiwa kamili bila kukatwa, nimempa binti kwenye kidude cha kuhifadhia. Nilimwuliza kama atapiga tena Usiku wa Afrika ujao. Akasema atajibu akishaiona barua ya chama. Barua hiyo mpaka ninapoandika haya haijaandikwa, na anayetakiwa kuisaini anasoma gazeti hili.

Nawasilisha.